Insulini ya Paka Nyumbani: Joto Linasamehe, Kipimo Hakisamehi

Mkazi wa Dodoma anayeandikiwa insulini kwa ajili ya paka wake huwaza kwanza habari ya jokofu. Umeme ukikatika mchana kutwa mwezi Oktoba, dawa itapona? Hofu hiyo ina msingi. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, na kabla mvua hiyo haijafika jua la mchana hupandisha joto hadi nyuzi 30 na kupita. Karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa inasema nyuzi 2 hadi 8. Kati ya karatasi na hali halisi pana umbali mkubwa, na mfugaji anajikuta amesimama katikati akiwa na kichupa mkononi.

Lakini lipo swali zito zaidi ambalo ni rahisi kulisahau: bomba la sindano lililonunuliwa limetengenezwa kwa insulini ya nguvu gani? Joto la uwanda wa kati huipunguza nguvu insulini polepole, kwa muda wa wiki na miezi. Bomba lisilolingana na chupa huzidisha dozi mara mbili na nusu kwa mkupuo mmoja, na paka wa kilo nne hana akiba ya kustahimili kosa la namna hiyo.

Ugonjwa na mnyama wake

Kisukari cha paka kinafanana zaidi na kile cha watu wazima wenye unene kuliko kile kinachowapata watoto. Kongosho huendelea kutoa insulini, ila haitoshi, na mwili hauitikii ipasavyo hiyo kidogo inayotolewa. Wanaougua zaidi ni paka wa umri wa kati na wazee, wanene, madume waliohasiwa, na wale ambao maisha yao yote ni ndani ya nyumba. Paka wa tembe la Ugogo, aliyewekwa kulinda uwele na mtama dhidi ya panya, hula alichowinda na hukesha akihangaika juu ya dari. Si yeye anayetarajiwa sana katika kundi hilo. Wa kutazamwa ni yule wa nyumba ya geti, anayelala kwenye kochi na kumaliza mabaki ya wali na ugali.

Dalili zake si za kuvizia. Paka hunywa maji kupita kawaida yake, mchanga wa choo chake hulowa kila mara, hula kwa pupa na bado hukonda. Ugonjwa ukikomaa, baadhi yao huanza kutembea kwa miguu ya nyuma iliyolala, kisigino kikigusa sakafu, kwa sababu mishipa ya fahamu imeathirika. Hata hivyo kipimo kimoja cha damu hakitoshi kumtia paka katika orodha ya wagonjwa. Mnyama huyu akitiwa kwenye kikapu, akapandishwa bajaji na kushikwa na watu asiowajua, sukari yake hupanda kwa hofu peke yake. Daktari wa mifugo makini hupima pia mkojo, na inapowezekana fruktosamini, ambayo huonyesha wastani wa sukari kwa wiki zilizopita badala ya sukari ya dakika ile ya hofu.

Vidonge vya metformini ambavyo bibi wa nyumba anavitumia havimfai paka. Mnamo 2022 na 2023 Marekani iliidhinisha dawa mbili za kunywa kwa ajili ya paka wenye kisukari, lakini dawa hizo zina masharti magumu, na mojawapo ni kwamba hapewi paka aliyekwisha kutibiwa kwa insulini. Kwa paka walio wengi, insulini ingali ndiyo tiba.

Na wanyama wanaidai dawa hii kwa haki. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Josef von Mering walimwondoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Hapo ndipo ilipojulikana kiini cha ugonjwa kiko wapi. Frederick Banting na Charles Best walipofanya majaribio yao Toronto mwaka 1921, waliofaidika mwanzo na dondoo la kongosho walikuwa mbwa wa maabara. Kijana Leonard Thompson, binadamu wa kwanza kutibiwa, alidungwa Januari 1922. Kwa miaka 60 iliyofuata binadamu walitumia insulini iliyotolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, hadi ile ya kutengenezwa kwa vijidudu vya maabara ilipoidhinishwa mwaka 1982. Insulini ya paka inatofautiana na ya ng'ombe kwa asidi amino moja tu. Kwa ya binadamu tofauti ni nne, nazo hazizuii dawa ya binadamu kufanya kazi ndani ya mwili wa paka. Kwa sababu hiyo daktari wa mifugo anaweza kuandika chupa ambayo duka la dawa la kawaida huuzia watu, na hapo ndipo mkanganyiko wa vipimo unapoanzia.

Joto, mtungi na friza

Insulini ni protini. Ute wa yai ukiingia kikaangoni haurudi tena kuwa ute. Insulini nayo ikipikwa na jua juu ya dashibodi ya gari lililofungwa, mahali ambapo joto linaweza kupita nyuzi 50, haifufuki kwa kurudishwa kwenye baridi. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba barafu ni adui mbaya zaidi kuliko joto la chumbani. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Jokofu dogo lenye friza ya ndani hugandisha vitu vinavyogusa ukuta wa nyuma au bamba la barafu, na mfugaji anayeweka chupa huko kwa kuamini kwamba baridi zaidi ni usalama zaidi huiua dawa kwa mikono yake. Mahali pake ni rafu ya katikati au mlangoni, ndani ya kikopo chenye kifuniko.

Kuhusu joto lenyewe, Afrika Mashariki inao ushahidi wake. Katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, kaskazini-mashariki mwa Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la ndani ya nyumba za wagonjwa na kukuta likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, insulini iliwekwa maabara katika mawimbi hayohayo ya joto kwa wiki 4. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba nguvu yake haikupungua kuliko ile iliyokaa kwenye baridi. Miaka miwili baadaye mapitio ya Cochrane, yaliyokusanya tafiti za namna hiyo, yalifikia hitimisho kwamba insulini ya binadamu ambayo haijafunguliwa, ile ya kazi fupi na ile ya kazi ya kati, inaweza kukaa hadi miezi 6 katika joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi miezi 2 katika nyuzi 37, bila kupoteza nguvu kwa kiwango kinachomdhuru mgonjwa.

Hayo yasichukuliwe kuwa ruhusa ya kuiweka chupa dirishani. Tafiti hizo zilihusu dawa za binadamu; chupa zilizotengenezwa kwa ajili ya mifugo zina masharti yake, na baadhi hutakiwa kukaa kwenye jokofu hata baada ya kufunguliwa. Karatasi ya ndani ya boksi ndiyo yenye neno la mwisho. Lakini usiku mmoja bila umeme, au siku tatu, si sababu ya kumwaga dawa iliyonunuliwa kwa shida. Watafiti wa Dar es Salaam, akina Chale, Swai, Mujinya na McLarty, walipochapisha mwaka 1992 hesabu za gharama za kisukari, waliona kwamba ununuzi wa insulini ulichukua zaidi ya nusu ya gharama za matibabu ya nje kwa mgonjwa anayeihitaji. Kuitupa kwa hofu tu ni hasara isiyo na sababu.

Nyumba isiyo na jokofu nayo ina mtungi. Maji hupenya vinyweleo vya udongo uliochomwa, hufika nje, hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo maji yanavyokimbia na ndivyo ndani panavyopoa. Kwa hiyo mtungi uleule unapoza vizuri zaidi Dodoma, Manyoni au Kondoa mwezi Septemba kuliko unavyopoza Dar es Salaam, ambako hewa imejaa unyevu. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipata Tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza chombo cha vyungu viwili vilivyoingiliana, na mchanga uliolowa kati yake, kwa ajili ya kuhifadhi mboga. Chombo hicho kinafaa insulini vilevile. Chupa hutiwa kwanza katika kikopo kisichopitisha maji, kikopo kikaingia chungu cha ndani, kitambaa kilicholowa kikafunika juu. Mchanga hunyweshwa asubuhi na jioni. Chombo kikae kivulini mahali penye upepo, mbali na jiko la mkaa, wala si kabatini, maana hewa iliyofungwa hushiba mvuke na mtungi huacha kufanya kazi. Mitungi iliyopakwa rangi ya mafuta kwa ajili ya mapambo inapendeza sebuleni lakini vinyweleo vyake vimezibwa, haipozi kitu.

Chombo hiki hakifikii nyuzi 8. Kinachofanya ni kushusha joto la chumba na kulizuia lisipande na kushuka ovyo, na kwa chupa inayotumika sasa hilo ndilo linalohitajika. Chupa iandikwe tarehe siku ilipofunguliwa. Insulini nyingi za binadamu huhesabiwa wiki 4 tangu siku hiyo, kisha huachwa hata kama imebaki nusu. Insulini iliyo safi kama maji ikiingia ukungu, au ile ya maziwa ikifanya mabonge au chembe zilizoganda kwenye kioo, haifai tena kudungwa.

Arobaini na mia moja

Hapa ndipo mfugaji anapopaswa kukaa chini na kusoma polepole.

Insulini hupimwa kwa uniti. Chupa ya binadamu inayouzwa leo ina uniti 100 katika kila mililita moja. Chupa nyingi zilizotengenezwa mahususi kwa mbwa na paka zina uniti 40 katika mililita hiyohiyo. Zamani binadamu nao walikuwa na chupa za nguvu tofautitofauti, 20, 40 na 80, na makosa yalikuwa mengi kiasi kwamba nchi moja baada ya nyingine iliamua kubaki na nguvu moja tu ya 100. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1983. Tiba ya mifugo ilibaki na 40 kwa sababu ya msingi: dozi ya paka ni ndogo sana, na dawa iliyo nyepesi hupimika kwa urahisi zaidi. India, kwa upande wake, ingali inatumia 40 hata kwa watu wake. Kwa hiyo mabomba ya aina zote mbili yanaendelea kutengenezwa, kuuzwa na kusafirishwa.

Bomba la insulini halina alama za mililita. Lina alama za uniti, na alama hizo ni za kweli kwa chupa ya nguvu moja tu. Paka aliyeandikiwa uniti 2 achukuliwe kuwa mfano. Chupa ni ya 100, bomba ni la 40. Mfugaji anavuta hadi alama ya 2, jicho lake limeona 2, mkono wake umefanya 2, lakini kilichoingia bombani ni sehemu 5 za mia za mililita, nayo katika chupa ya 100 ni uniti 5. Kinyume chake, chupa ya 40 na bomba la 100 hutoa chini ya uniti 1. Kosa hili la pili haliui haraka, lakini lina hila yake: sukari haishuki, daktari anaongeza dozi, kisha siku moja mfugaji ananunua bomba sahihi na dozi iliyoongezwa inaingia yote.

Kosa baya kuliko yote hutokea pale bomba la insulini linapokosekana dukani na muuzaji, kwa nia njema, akatoa bomba la kawaida la mililita moja. Uniti 2 za chupa ya 100 ni sehemu 2 za mia za mililita, mstari mwembamba usioshikika kwa jicho la jioni. Anayekosea na kuvuta hadi 0.2 amevuta uniti 20, mara kumi ya alichoandikiwa. Hakuna paka wa kilo nne anayepaswa kukutana na dozi hiyo. Kukosa bomba sahihi kwa siku moja ni tatizo dogo kuliko kutumia lisilo sahihi mara moja. Paka huyu hustahimili kuikosa sindano moja vizuri zaidi kuliko anavyostahimili sindano iliyozidi.

Mara nyingi kifuniko cha bomba la 40 huwa chekundu na cha bomba la 100 huwa rangi ya chungwa, lakini rangi si sheria. Cha kuamini ni namba iliyochapishwa kwenye bomba na namba iliyochapishwa kwenye chupa, zikisomwa pamoja, kila boksi jipya linapofunguliwa. Kwa paka anayetumia chupa ya 100, bomba dogo la uniti 30 lenye alama za nusu uniti ndilo linaloonyesha kipimo vizuri. Dozi ya kuanzia ya paka kwa kawaida ni uniti 1 au 2 kila baada ya saa 12, nayo hupangwa na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, ambaye Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inamtambua. Mfugaji anayeona kipimo cha maandishi kinachozidi hapo ana haki ya kupiga simu na kuuliza tena kabla ya kudunga.

Kuchanganya dawa kabla ya kuvuta nako kuna kanuni mbili zinazopingana. Insulini za binadamu zenye rangi ya maziwa hubiringishwa taratibu kati ya viganja. Ile ya mifugo inayotokana na nguruwe, karatasi yake huagiza itikiswe sawasawa hadi ilingane. Insulini ya maji safi haihitaji lolote. Hapa pia karatasi ya boksi isomwe. Ushauri wa jirani mwenye kisukari, hata akiwa mzoefu wa miaka 20, unahusu chupa yake yeye.

Nyumba moja, mikono mingi

Makosa ya kipimo yana ndugu yake: sindano iliyodungwa mara mbili. Baba amedunga saa 12 asubuhi kabla ya kwenda kazini. Dada wa kazi anaamka, anaona paka amekula, anadunga naye. Daftari lililofungwa kwa kamba kwenye mlango wa jokofu, lenye saa, kiasi, jina la aliyedunga na kama paka alikula, lina thamani kuliko vifaa vingi vya bei ghali. Sindano ikitoboa ngozi na kutokea upande wa pili, dawa ikamwagika kwenye manyoya, hairudiwi. Hakuna ajuaye ni kiasi gani kimeingia, na saa 12 za sukari ya juu si msiba.

Chakula hutangulia sindano. Paka aliyekataa kula, au aliyetapika, hapewi dozi yake ya kawaida kabla daktari hajaulizwa. Chakula chenyewe kina hila. Paka ni mla nyama, na mwili wake haukuumbwa kwa wanga mwingi. Kumpunguzia ugali na wali na kumwongezea nyama, samaki na mayai yaliyochemshwa hushusha sukari yake kwelikweli. Ndiyo sababu mabadiliko hayo hayafanywi kimyakimya katikati ya tiba. Paka aliyepangiwa uniti 2 akiwa analishwa ugali anaweza kuzidiwa na uniti hizohizo akianza kulishwa nyama. Daktari aambiwe kwanza, dozi ipangwe upya.

Sukari ikishuka mno, paka hulegea, huyumba kama mlevi, hutafuta chakula kwa wahaka au hujificha pembeni, hutetemeka, na mwishowe huanguka kifafa. Hapo hakuna muda wa kutafuta gari kwanza. Uwanda wa kati una bahati ya asali: kijiko kidogo cha asali hupakwa kwa kidole kwenye fizi zake. Hamiminiwi mdomoni, kwa kuwa paka aliyepoteza fahamu hupaliwa, na kidole hakiingizwi kati ya meno ya mnyama anayetetemeka. Akizinduka apewe chakula, kisha apelekwe kwa daktari hata kama anaonekana mzima, maana insulini bado imo mwilini na asali huisha kabla yake. Sindano inayofuata husubiri neno la daktari.

Mfugaji anayeweza kupima sukari nyumbani, kwa tone la damu kutoka ukingo wa sikio, humpunguzia paka hofu ya safari na humpatia daktari takwimu za kuaminika zaidi. Ajue tu kwamba kipimio cha binadamu mara nyingi husoma damu ya paka chini kidogo ya hali halisi. Kwa walio mbali na mji, takwimu za wiki nzima zilizosomwa kwa simu hupunguza safari. Na kesi ngumu zina pa kwenda, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, takribani kilomita 260 kwa barabara. Dawa ikisafiri, isafiri ndani ya begi la abiria, ikiwa imefungwa kwa kitambaa, bila kugusana na barafu.

Lipo jambo linalohusu nyumba ambayo bibi na paka wote wanatumia insulini. Chupa hazishirikiwi. Sindano iliyogusa ngozi ya mnyama ikirudi kwenye chupa ya bibi huingiza vijidudu ndani yake, na bibi, ambaye vidonda vyake tayari hupona kwa shida, ndiye atakayelipa. Pia uniti anazopunguziwa bibi ili paka apate hazirudi. Mwisho wa mwezi chupa yake itaisha kabla ya siku. Kila mmoja awe na chupa yake, yenye jina lake, katika kikopo chake.

Paka naye ana meno. Akimng'ata au kumparura anayemdunga, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeng'atwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kipo nchini, na paka hukibeba vilevile. Mtu mzima aliyejichoma kwa bahati mbaya na sindano yenye dawa ale, apime sukari na asikae peke yake kwa saa kadhaa. Mtoto aliyejichoma apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa na bomba, ili daktari aone ni kiasi gani kingeweza kuingia.

Sindano hutumika mara moja. Haifunikwi tena kwa mikono miwili. Hutumbukizwa ilivyo katika kopo gumu la plastiki, lenye kifuniko cha kuzungusha na maandishi makubwa ubavuni, na kopo likijaa hupelekwa kituo cha afya chenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali. Mitaani wapo watu wanaopata riziki kwa kuokota chupa za plastiki kwenye majalala, wengi kwa mikono mitupu. Chupa ya maji iliyojaa sindano, ikitupwa dampo, itafunguliwa na mmoja wao.

Paka ana jambo moja ambalo wagonjwa wengi wa kisukari hawana. Baadhi yao, hasa waliotibiwa mapema, wakapunguzwa uzito na kuondolewa wanga, huamka siku moja wakiwa hawaihitaji tena insulini: kongosho limepumzika na kurudi kazini. Mabadiliko hayo hayatoi taarifa. Dozi iliyokuwa sahihi mwezi uliopita inageuka kuwa nyingi, na dalili ya kwanza ya kupona inaweza kuwa sukari iliyoshuka kupita kiasi, jambo linalofanya upimaji wa mara kwa mara kuwa wa lazima hata kwa paka anayeonekana kuendelea vizuri. Anayeachishwa sindano na daktari wake huendelea kupimwa, kwa kuwa ugonjwa huweza kurudi baada ya miezi au miaka. Na ukirudi, tiba huanza kwa chupa mpya, si ile ya zamani iliyosahauliwa mlangoni mwa jokofu.